Alama ya Dawa

Hakuna mwanamke hata mmoja aliyedanganya. Naliweka hilo mbele kwa sababu nimewasikia watu wa Wajir wakisema kwamba wanawake wa Tarbaj walisema uongo ili wafike kwenye maji. Waliulizwa swali, wakalijibu. Aliyeuliza ni mimi.

Mwaka ule ndui ilishuka kutoka kaskazini ikifuatana na ukame, na kila mwenye mnyama alikimbilia visima vya Tarbaj. Serikali ikamtuma dresa mmoja, mhudumu wa dawa aitwaye Noordin, mtu wa pwani, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuja na askari wawili, na vichupa vyembamba vya dawa ya chanjo vilivyolazwa ndani ya chungu chenye pamba iliyoloweshwa maji. Kazi yake aliijua vizuri. Kisomali alikijua cha kununulia maziwa tu. Ndipo akanichukua mimi, Diriye, nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Kiswahili nilijifunza Isiolo kwa kusikiliza, na kusoma nilijifunza peke yangu, katika vipande vya magazeti vilivyofungiwa sukari. Hakuna aliyenifundisha, na nilitaka kila mtu alijue hilo.

Amri ilikuwa fupi. Njia ya visimani ni moja, kati ya nyua mbili za miiba. Mwenye kovu la chanjo apite. Aliyewahi kuugua ndui akapona apite pia, maana haitamshika tena. Wengine wote wachanjwe, kisha wakae ndani ya boma la miiba siku kumi na sita, wakipelekewa maji huko huko.

"Kwa nini kumi na sita?" nilimuuliza Noordin.

"Kwa sababu ndui hukaa mwilini kimya karibu wiki mbili. Mtu anakula, anacheka, na kumbe anayo. Halafu inaanza homa, vinafuata vipele, na kila anayelala karibu naye anaivuta. Ukimtazama usoni leo huoni kitu. Mimi nataka mkono."

Akaniambia niwaulize watu kama wamechanjwa.

Kisomali kina neno lake: tallaal. Lakini siku zile, kwetu sisi, lilikuwa neno la ng'ombe. Ng'ombe akifa kwa ugonjwa wa mapafu, wazee huchukua maji ya pafu lake, wakachanja mikia ya wale wazima na kuyatia humo, ili ugonjwa usiwapate. Hiyo ndiyo tallaal. Nimsimamishe mama wa watu nimuulize kama amefanywa hivyo, kama mtamba? Sikuweza. Nikatunga maneno yangu mwenyewe: Je, mkono wako una alama ya dawa?

Kwa Kisomali yalikuwa na mapigo mazuri. Niliyasema mara mia kwa siku, na kila mara yalinipendeza.

Wanaume walipita mbele ya Noordin wakiwa wamekunja nguo begani. Alikuwa anapapasa kovu kwa kidole gumba. Kovu la chanjo lina vishimo vidogo, kama mtu aliyebonyeza punje za mtama kwenye ngozi. Kovu la moto ni laini, linang'aa. Na makovu ya moto yalikuwa mengi, maana kwetu mgonjwa wa manjano au wa kifua huchomwa kwa kijiti chenye kaa, akapona au asipone.

"Huu ni moto," Noordin alikuwa akisema. "Bomani."

Nami nikiwafokea wazee wangu. Mmoja wao, Bulle, mtu wa ngamia wengi, nilimwambia, "Adeer, unataka kumdanganya dresa kwa kovu la manjano?"

Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Umeniuliza kama nina alama ya dawa. Ninayo. Hii ilinitoa mautini. Kama moto si dawa, wewe kile kifua chako cha utotoni kilipona kwa nini? Kwa kuvaa kaptura ya serikali?"

Watu wakacheka. Damu ilinipanda kichwani. Badala ya kuyasikia maneno yake, nilimwonyesha boma kwa kidole, mzee wa rika la baba yangu. Ukweli wote uliwekwa mkononi mwangu asubuhi ile, nami nikautupa kwa sababu watu walicheka.

Wanawake tuliwatengea upande wao, nyuma ya pazia la turubai. Noordin alitaka kila mmoja apenyeze mkono kwenye tundu la turubai ili aupapase.

"Haiwezekani," nilisema. "Mikono ya wanawake wetu si mizigo ya forodhani."

Alikuwepo hapo mama mmoja Mborana, Qabale. Uso wake ulikuwa umechimbwachimbwa na ndui ya utotoni, na kwa hiyo ndiye aliyekuwa akipeleka maji bomani bila hofu. Akaweka chini kibuyu chake.

"Mimi naweza shika mkono yao," alisema. "Mimi mwanamke. Na ugonjwa hii ilishanimaliza zamani, hairudi."

"Hawakujui," nikamjibu. "Na lugha yao huijui. Neno la mwanamke wa kwetu linatosha."

"Mkono haina lugha," alisema Qabale.

Noordin alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Kijana, ukisema neno linatosha, basi ni dhamana yako."

"Ni dhamana yangu."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. Ninauliza kupitia turubai, sauti inajibu. Akisema ndiyo, anapita kwenda kwenye maji. Akisema hapana, anakwenda bomani.

Siku ya nne nikauliza kama kawaida, na sauti ikajibu, "Ninayo." Kisha ikashuka ikawa ya kunong'ona, yenye kicheko ndani yake. "Walaal, umekuwa serikali sasa? Hata mimi unanihoji?"

Alikuwa Bishara, dada yangu, niliyekuwa sijamwona tangu aolewe. Nilizunguka turubai bila kumwomba mtu ruhusa. Alikuwa amekonda kwa safari, na mgongoni alikuwa na mtoto wa miezi minne, Zeinab, ambaye sikuwa nimewahi kumtia machoni. Nilimbeba. Akanivuta sikio kwa nguvu, Bishara akacheka.

"Nenda ukanywe maji," nilimwambia. Mtu wangu wa damu alikuwa anapita mlango ambao mimi ndiye mlinzi wake, na nilijiona mkubwa.

Siku kumi baadaye Qabale alikuja akitembea haraka kutoka visimani, akaenda moja kwa moja kwa Noordin.

"Huko kwa wale wamepita, iko homa. Watu tano. Dada yake huyu iko na vipele kwa paji."

Nilikataa. Nilisema ni tetekuwanga, ni joto, ni wadudu. Noordin alichukua chungu chake, tukafuatana.

Kibanda cha mikeka cha Bishara kilikuwa chini ya mgunga. Qabale aliingia kwanza. Nikasikia nguo ikifunuliwa. Alipotoka alinitazama mimi, si dresa.

"Moto," alisema. "Kwa mkono yake iko moto tu."

Niliingia. Mimi nilichanjwa Isiolo, ndui haikuwa na haki juu yangu, na siku ile nililionea haya kovu langu. Bishara alikuwa amelala ubavu. Vipele vilikuwa kwenye paji, kwenye midomo, mpaka ndani ya kinywa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa nje ya nguo, na juu yake kulikuwa na kovu moja la duara, laini, linalong'aa.

"Abaayo," nilisema, "mbona uliniambia unayo?"

"Ninayo." Alishangazwa na swali. "Si hii hapa? Nilipokuwa na manjano. Mama alichoma, na wewe ulinishika mkono nisiuvute. Ulilia kuliko mimi, umesahau?"

Sikuwa nimesahau. Harufu yake nilikuwa naikumbuka.

"Uliuliza alama ya dawa," alisema Bishara. "Sikudanganya, walaal."

Nikatoka nje nikakaa mchangani. Midomo yangu ilikuwa inahesabu yenyewe: arobaini na watatu. Wanawake arobaini na watatu walikuwa wamepita kwa swali langu zuri, na wote walikuwa wanateka maji kwenye visima vile vile, wanalala mikeka ile ile, wananyonyesha. Bulle aliniambia mbele ya watu. Qabale aliniambia. Nilitaka kusimama nikamwambie mtu kwamba si kosa langu, lakini nilipotafuta maneno sikupata hata moja. Mimi, wa maneno.

"Simama," Noordin alisema. "Yupo mtoto."

Zeinab alikuwa mikononi mwa Qabale, anatafuna kidole.

"Ameshapumua pumzi ya mama yake," Noordin alisema, huku akiinua kichupa akikitazama kwenye mwanga. "Lakini vipele vya mama vimeanza jana tu. Chanjo hukimbia kuliko ndui. Tukiitia leo inaweza kufika mbele. Ikishika, kitatokea kipele kimoja hapa mkononi, siku ya nne au ya tano. Kisipotokea, ujue dawa yenyewe ilikufa kwa joto. Na kichupa hiki ni cha mwisho mpaka gari litoke Wajir."

Alimkwaruza kwa sindano. Mtoto alilia, na Bishara akasikia.

"Mnamchoma?" aliita kutoka ndani.

Hapo ndipo nililisema lile neno kwa mara ya kwanza. "Hapana, abaayo. Tallaal."

Kisha, kwa sauti iliyokauka: "Kama ng'ombe?"

"Kama ng'ombe."

"Basi mngesema tangu mwanzo," alisema Bishara. "Hiyo kila mtu anaijua."

Kutwa nzima nilikwenda kibanda hadi kibanda, nikiuliza upya kwa neno la ng'ombe, huku Qabale akiingia na kushika mikono. Kati ya wale arobaini na watatu, wenye kovu la kweli walikuwa tisa. Wengine walipelekwa bomani na watoto wao, kungoja gari la dawa. Walinipita wakinitemea mate miguuni, na sikuisogeza miguu yangu. Bulle alikuwa bado humo, mzima, siku chache kabla ya kutoka. Nilikwenda kwenye uzio nikamwomba radhi. Hakuinuka.

"Dada yako yukoje?" aliuliza, na hilo lilinipiga kuliko tusi.

Kila asubuhi nilikwenda kwa Qabale, aliyekuwa akimlisha Zeinab maziwa ya mbuzi kwa pamba, nikafungua kitambaa cha mkono wake. Siku ya pili, mkwaruzo tu. Siku ya tatu, mkwaruzo umeanza kukauka. Siku ya nne Qabale alikuwa amesimama nje akinisubiri.

"Tazama, usishike," alisema.

Kilikuwa kimoja, chekundu, kama kichwa cha kiberiti. Noordin alikitazama kwa miwani, kisha bila miwani, akasema, "Kimeshika." Akaketi chini ghafla kama mtu aliyekatwa kamba.

Nilikwenda kwa Bishara mbio. Uso wake haukuwa uso tena, macho yalikuwa yamefumbwa na uvimbe.

"Kimetokea," nilimwambia. "Kwenye mkono wa Zeinab."

"Si cha moto?"

"Si cha moto."

"Umeangalia mwenyewe?"

"Nimeangalia mwenyewe."

Akanyoosha mkono, akatafuta wangu hewani, nikampa. Alinishika kwa nguvu kama mtu anayemzuia mwingine asiuvute. Siku ya kumi ya ugonjwa wake tulimzika, mimi na Noordin na Qabale, maana wengine hawakuruhusiwa kukaribia. Kati ya wale wanawake walikufa watano. Zeinab hakuota hata kipele cha pili.

Kisha gari likaja na vichupa vipya, na msafara mwingine ukatokea kaskazini. Turubai likatundikwa tena. Upande wa pili wake alisimama Qabale, Zeinab akiwa mgongoni mwake, mikono tayari kupapasa. Nilisimama mahali pangu.

"Eeddo," nilimwambia wa kwanza, nikimwita shangazi bila kumwona, "umefanyiwa tallaal?"

Kukawa na kishindo cha sauti za wanawake, na yule niliyemuuliza akasema kwa ukali, "Mwana wa nani huyu anayeniuliza kama ng'ombe? Mama yako hakukufundisha adabu?"

"Alinifundisha, eeddo. Nakuuliza kama ng'ombe. Umefanyiwa?"

Nyuma ya turubai nilimsikia Zeinab akivuta kitu na kucheka, labda sikio la Qabale.

"La," alisema yule mama, kwa sauti ya chini sasa. "Nina moto tu."

"Bomani, eeddo," nilisema. "Siku kumi na sita. Maji nitakuletea mwenyewe."