Karai la Buluu

Mwanasaumu alikuwa amekasirika tangu asubuhi, na waliomkasirisha walikuwa wakichota maji kisimani kwake.

Kisima kile cha Likoni alikichimba babake, akakiweka wakfu kabla hajafa: maji asinyimwe mtu, awe jirani au mpita njia. Mtaa mzima ulikitegemea. Sasa Gershom, mtu wa bara aliyenunua kiwanja ng'ambo ya ua, alitaka kujenga vyumba vya kupangisha, na shimo la choo cha wapangaji wote hao lichimbwe karibu na kisima. Mwanasaumu alikuwa amemwendea kwa upole, akamsihi. Gershom alimjibu kwamba anamleta mtaalamu wa kupima udongo, na udongo ndio utakaosema.

Basi mtaalamu, jamaa wa Kaloleni aitwaye Nzai, akachimba vishimo kiwanjani. Kazi yake ilikuwa kuvijaza maji na kutazama yanavyozama, ajue kama ardhi itaweza kumeza uchafu. Na maji ya kujazia akaja kuyaomba kwa nani? Kwa Mwanasaumu. Alipiga hodi, akaamkia shikamoo kwa adabu zote. Kumnyima kungekuwa kuuvunja wosia wa marehemu. Akampa ndoo, na kamba akampa, huku roho ikimchoma. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Hawakusema afanyeje mwenyeji, mgeni akija kumchimbia kaburi kwa jembe lake mwenyewe.

Ilikuwa Alhamisi, siku yake ya kufua kanzu za Ijumaa. Alikuwa akisuuza ya mwisho katika karai la maji ya buluu, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, aliposikia Nzai akimwambia tajiri wake kwamba ardhi hii ni nzuri, ina kiu, maji yanazama mtu hajageuza shingo. Gershom akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichommaliza Mwanasaumu. Akalibeba karai lake hadi kiwanjani, akalimimina lote shimoni mbele ya macho yao.

"Pimeni na haya," akasema.

Hakuwa na hoja yoyote, alikuwa na hasira tu. Maji ya buluu yakapotelea kwenye nyufa za mwamba wa matumbawe ulio chini ya udongo. Gershom akacheka tena, akamwambia Nzai amwache mama wa watu, hasira za wanawake hukauka pamoja na nguo zao. Mwanasaumu akarudi kwake, aibu na ghadhabu zikigombana kifuani.

Baada ya alasiri Gershom mwenyewe akaja mlangoni na Nzai wake, jasho likiwatiririka, kuomba maji ya kunywa. Hata haya hana, Mwanasaumu akawaza, akateremsha ndoo. Ilipopanda, aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akachota kwa bilauri ya wageni, ile ya kioo, akampa Gershom kwa mikono miwili kama alivyofunzwa na mamake.

Gershom akaiinua usawa wa macho.

"Mama, mbona maji yana rangi?"

"Ni buluu yangu, ile uliyoicheka." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na Nzai, ambaye alikuwa ameshanyoosha mkono kungojea zamu yake, akaurudisha. "Kunywa, baba. Leo ni buluu. Wapangaji wako wakishaingia, wallahi, haitakuwa buluu."

Gershom akabaki ameishika bilauri, hanywi wala haiweki chini.