Kiti cha Evodia Kwenye Kamati

Sisi wanawake wa ng'ambo ya korongo, hapa Mnyuzi, tulimchagua Evodia aingie kamati ya mipango ya kijiji kwa sababu moja tu: daraja. Mvua ikinyesha milimani Bungu, korongo linajaa huku kwetu jua likiwaka, na watoto hawaendi shule. Kamati ndiyo inayopanga kijiji kiombe nini halmashauri, na kisichotajwa mle hakifiki kwenye bajeti hata mkilia. Evodia ana mdomo. Kisimani anatunyamazisha wote. Tukasema, huyu huyu.

Tulichosahau, na hadi leo kinaniuma, ni kwamba kwenye kamati hiyo hiyo alikuwemo mzee Filemoni, baba mkwe wake.

Kwetu mkamwana hampingi baba mkwe mbele za watu. Hata kumtazama usoni anaona haya. Siku ya kikao wajumbe walikaa ndani, sisi wengine tukasikilizia dirishani. Maji na vyoo vya shule vilishapita, ikabaki nafasi ya ombi moja. Mzee Filemoni akasimama, akaomba ghala, maana dumuzi walikuwa wamemmalizia mahindi.

"Kuna mwenye wazo jingine?" mwenyekiti akauliza.

Evodia alianza kunyanyua mkono. Nilimwona. Mzee akageuka kutazama ni nani, na ule mkono ukaishia kwenye kilemba, akajifanya anakifunga vizuri.

"Sema, we Evodia!" nikapiga kelele.

"Bi Hafsa, wewe si mjumbe," mwenyekiti akanikata. Ghala likapita.

Nilimkasirikia Evodia, nikawa simsalimii. Akanifuata mwenyewe shambani. "Ningesemaje, dada? Baba yupo pale, ananiangalia."

Ghala likajengwa ng'ambo ile, karibu na shule, zuri kweli, lina bati jekundu. Novemba iliyofuata Catherine, binti wa Evodia, alikuwa kwenye mtihani wa kidato cha nne. Asubuhi ya Hisabati, somo alilolipenda kuliko yote, tukakuta korongo limejaa hadi kwenye migomba. Mzee Filemoni akavua viatu, akambeba mjukuu wake mgongoni. Hawakufika hata katikati. Maji yalimyumbisha, tukawarushia kanga tulizozifunga pamoja, tukawavuta. Catherine akakaa kwenye tope na sare yake, rula mkononi, anatazama ng'ambo. Hakulia. Afadhali angelia.

"Hivi daraja halikuombwa kwa nini?" mzee akauliza, anatetemeka kwa baridi.

Evodia aliinamisha kichwa. Mimi sina mkwe pale, nikamjibu. "Mkamwana wako alitaka kuliomba, mzee. Ila wewe ulikuwepo."

Mzee alivaa viatu vyake, akaenda nyumbani. Catherine naye akabaki nyumbani kusubiri mwaka mwingine, arudie mtihani kwa kujitegemea, wenzake wakienda zao.

Msimu wa kupanga bajeti ulipofika tena, mzee aliingia kikaoni, akaketi mahali pake. Mwenyekiti alipofungua tu, mzee akasimama.

"Mwenyekiti, nina mkwe humu ndani. Naomba nitoke."

Akachukua fimbo yake, akaja kusimama na sisi nje, pembeni ya dirisha, asipoonekana.

Evodia akaongea. Jamani, aliongea! Akataja wajawazito wanaobebwa kwa machela, akataja watoto, akataja na ule mtihani wa Catherine. Hakuna aliyepinga. Daraja likaandikwa la kwanza kabisa, tukapiga vigelegele pale dirishani mpaka mwenyekiti akatufukuza.

Mzee Filemoni hakushangilia. Alikuwa ameegemea ukuta, macho yako chini.

"Bi Hafsa," akaniambia, "kumbe ilikuwa ni mimi kutoka nje tu?"