Mwanamke wa Juu ya Dungu

Mwaka 1956 chama cha wakulima wa mpunga kilimwagiza Pantaleo, mchoraji wa mabango pale Ifakara, awabunie alama ya kupigwa chapa kwenye magunia yao. Pantaleo hakuwa mtu wa kuchora asichokijua. Alipanda baiskeli hadi Mofu, akakaa siku tatu mashambani akiwauliza watu mpunga wao unawagharimu nini. Aliyempa jibu la kumridhisha ni Konsolata, mjane aliyeshinda juu ya dungu la miti akifukuza ndege kwa kombeo, sauti imemkauka.

"Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege wanaufuata, hushuki," alimwambia. "Mwanangu wa mwisho nilimzalia hapa chini ya dungu."

Huyo ndiye aliyemchora.

Kamati ya chama iliisifu picha, kisha ikaanza kuipunguza. Mwenyekiti, Mzee Hilari, alisema wanunuzi watadhani bonde zima linalimwa na wanawake, achorwe mwanamume. Pantaleo alibisha kidogo, halafu akachora mwanamume. Kikao cha pili waliona aibu ya lile dungu, wakataka nyumba ya bati. Kikao cha tatu mmoja wao akahofia kwamba bati litawaita watoza kodi, nyumba ikafutwa. Mwanamume akabaki ananing'inia hewani na kombeo lake, naye akaondolewa. Kilichopitishwa mwishowe ni suke moja la mpunga, ambalo mtu yeyote angelichora ukutani kwa mkaa.

Pantaleo hakubisha tena. Alijiambia kwamba mwenye kazi ndiye mwenye neno.

Wakati wa mavuno Konsolata alileta mpunga wake kwenye ghala la chama, ambako Pantaleo alikuwa akiyapiga magunia chapa. Alikwisha kuwatangazia majirani kwamba sura yake itafika Dar es Salaam. Pantaleo alimwamkia, lakini mama yule alikuwa akilitazama gunia mbele, akaligeuza na nyuma.

"Mimi niko wapi, mwanangu?"

"Walipunguza kidogo, mama."

"Walipunguza, au uliwapa?"

Alijifunga khanga vizuri, akaenda kusimama kwenye foleni ya mizani.

Wiki ileile Mzee Hilari alikuja kuagiza bango la duka lake jipya, akimsifu Pantaleo kwamba mafundi wasikivu kama yeye ni wachache. Pantaleo hakumuuliza duka litauza nini, wala nani atanunua. Aliuliza upana wa ubao tu, akaanza kukoroga rangi.