Kwebuga Mbele ya Mtu wa Bima

Sisi Wahaya tunasemwa nchi nzima kwamba tunajisifu. Sikatai. Ukiwa na kitu kizuri halafu ukanyamaza, chenyewe kitajuaje kwamba ni kizuri? Lakini mjukuu wangu Aristides alisoma Morogoro, wenzake wakamtania kwa hilo mpaka akarudi hapa Nshamba mnyenyekevu kuliko mtawa mpya. Kahawa yake imezaa hadi matawi yanainama, ukimuuliza habari za shamba anasema kwa heshima zetu za Kihaya, "Tunasukuma tu, waitu."

Unyenyekevu huo nusura umponze siku alipokuja mtu wa bima.

Aristides ana gari. Anabeba wageni wanaoshukia uwanja wa ndege Bukoba, na wagonjwa wa huku Muleba wakiandikiwa kwenda hospitali ya mjini. Lilipofika kutoka Japani, kila likiwashwa lilikuwa linaongea Kijapani. Mimi nililijibu kwa Kihaya na hatukuwahi kugombana. Yeye akaona haitoshi, akalipeleka kwa fundi Rugambwa wa Buhembe. Huyo ni fundi wa ajabu. Hana spana, hana grisi, mikono misafi kama ya padri. Anachomeka waya chini ya usukani, anabonyeza kompyuta yake huku anakunywa soda, anachomoa waya, basi, kazi imekwisha, lete hela.

Gari lilikuwa likitoka kwake halina hata rangi mpya, ila limejifunza kitu. Likaacha Kijapani likasema Kiswahili. Likajua njia mpaka za Kimwani ndani kabisa. Likajifunza kupiga kelele kwenye simu ya Aristides mtu akiligusa, na kunywa mafuta kwa adabu. Vanila na kahawa yote aliyouza iliingia kwenye ule waya. Nilimwambia afadhali angeoa mke wa pili, huyo angalau tungemwona kwa macho.

Mwaka huu akataka kulikatia bima kubwa, ile inayolipa hata gari likiibwa au likiungua. Alikuwa na woga wake. Rafiki yake mmoja wa mjini gari lake liliungua nyaya, akalipwa gari tupu. Programu alizolipia hakupata hata ahsante, kwa sababu hakuzitaja wakati wa kukata bima. Aristides alinisimulia habari hiyo anatikisa kichwa, akasema yeye hawezi kufanya ujinga huo. Kupata programu zile tena upya asingeweza, labda auze kibanja chetu cha migomba.

Mtu wa bima akaja. Kijana wa Bukoba mjini, jina lake Mustapha, amevaa shati la mikono mirefu na jua lote lile. Nikamletea akamwani, kahawa yetu kavu ya kutafuna. Akatafuna bila kukunja uso, nikampenda. Majirani nao wakaanza kusogea upande wa migomba, kila mmoja ana kisingizio chake. Mzee Lwakatare alisema anatafuta mbuzi. Mzee Lwakatare hana mbuzi.

"Haya, kaka," Mustapha akasema. "Tangu gari litoke kiwandani limeongezewa nini?"

Aristides akatazama wale majirani, kisha akatazama viatu vyake. "Ni gari la kawaida tu."

"Hakuna cha ziada?"

"Vitu vidogovidogo. Si vya kutaja."

Hapo nikamkumbuka marehemu mume wangu, Kahangwa. Zamani mwanaume wa Kihaya hakuingia kwenye sherehe akakaa kimya kama gunia. Alisimama mbele ya watu na mkuki wake, mguu mmoja mbele, akajitaja: jina lake, la baba yake, aliyoyatenda, aliyemshinda na aliyemkimbiza pia. Tunaita kwebuga. Maneno yanashuka kama mvua kwenye bati, na wasikilizaji wametega masikio wakukamate ukiruka jambo. Kahangwa wangu hakuwa na mkuki, vita viliisha kabla hajazaliwa. Alikuwa na baiskeli. Kwenye harusi ya dada yangu alishika pampu, akasimama, akaisemea ile baiskeli: Mimi Nyeusi wa Nshamba, niliyeshuka mteremko na mkungu wa ndizi mbele na mke nyuma nisimwage hata kimoja, mimi niliyemtupa Kahangwa mtaroni mama mkwe wake akitazama. Watu walicheka mpaka rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikamwagika. Na yule mke wa nyuma ni mimi. Nilikuwa nimejifunika kanga usoni, najifanya simjui mtu huyo, na moyoni sikutaka amalize. Siku hizi harusini kuna MC na maspika, na bwana harusi anasifiwa na mtu aliyemjua jana jioni.

Basi nikachukua mwamvuli wangu nikasimama.

"Mukaaka, kaa chini," Aristides akaninong'oneza. Mukaaka ndiyo bibi.

"Nimekaa tangu asubuhi, mume wangu." Nikatanguliza mguu, ule unaonisikiliza. "Mimi Mweupe wa Aristides, niliyezaliwa Japani nikabatizwa Buhembe! Mimi ninayeijua Kimwani na sijawahi kulima huko! Mwizi akinigusa, napiga yowe mfukoni mwa bwana wangu!"

Mustapha alicheka hadi akapaliwa na kahawa. Halafu akajifuta machozi, akawa mtu wa ofisi tena.

"Bibi, ni matamu hayo, lakini siwezi kuandika ya mdomoni mwako. Mwenye gari atamke mwenyewe, anioneshe na stakabadhi za fundi. Asichotamka hakipo. Likiungua kesho, kaka, nitakulipa bati na matairi."

Aristides akarudi kutazama viatu vyake. Kule migombani Mzee Lwakatare akasahau mbuzi wake. "Mjukuu wa Kahangwa huyo? Hata kuku wa nyumba hii wanatangaza wakitaga yai."

Naona hilo lilimfika. Akanyanyuka, akachukua mwamvuli mkononi mwangu, akaanza kwa Kiswahili, sauti ndogo, kama anaungama. Lugha ya Kiswahili. Ramani. Kelele za simu. Mustapha anaandika, anatazama stakabadhi kwenye simu, anaandika. Kisha sijui ni ule mguu aliokuwa ameutanguliza, Aristides akahamia Kihaya, na maneno yakaanza kukimbia. Kihaya hakikumpa taabu Mustapha, alizaliwa nacho. Na katika kukimbia huko, kwa sababu kwebuga hairuki jambo, likatoka na hili: mimi niliyeongezewa nguvu ya injini, milima ya Muleba inanisalimia kwanza.

Kalamu ikasimama.

"Rudia hiyo," Mustapha akasema.

"Nguvu ya injini," Aristides akajibu kwa Kiswahili. "Rugambwa aliibadilisha kwa programu. Nikiwa na mgonjwa, mlima ulikuwa unanishinda."

"Hiyo nayo ni kitu kidogo kisicho cha kutaja?"

"Niliona aibu. Watu watasema najifanya dereva wa mashindano."

"Sikiliza. Ukificha ramani, unapoteza ramani. Ukificha nguvu ya injini, siku ya ajali kampuni inakunyima vyote, na gari lenyewe. Hapo hata mimi nisingeweza kukutetea."

Aristides akaushusha mwamvuli.

"Na sasa?"

"Sasa umesema. Nikiiandika, ada itapanda. Au umrudie fundi aiondoe."

Akafikiri kidogo. "Iandike. Mgonjwa hawezi kungoja gari lipumue."

Mustapha akaandika. Kisha akatupia punje nyingine ya akamwani mdomoni. "Endelea, ulikuwa hujamaliza."

Akaendelea. Hakuwahi kumwona babu yake akijisemea, alizaliwa Kahangwa amekwisha kuzikwa, wala hakuna aliyemfundisha. Lakini mwisho wa kila sentensi sauti yake ilishuka na kugonga chini, palepale alipokuwa akigonga yule mwingine na pampu yake. Mzee Lwakatare akaanza kumwitikia, polepole, kama zamani. Alipofika mwisho Aristides akamalizia kama inavyotakiwa: mimi Aristides, mjukuu wa Kahangwa wa Nshamba.

Mustapha, mkono wake umezoea, akaliandika na jina hilo chini ya programu. Alipoliona akanigeukia.

"Bibi, na hili nilitoze ada?"

"Hilo acha," nikamwambia. "Hilo tulishalilipia."

Akalikata kwa mstari mmoja, akampa Aristides kalamu aweke saini.