Macho Meupe

Fundi wa kushona sare alisimama kwenye korido ya hospitali tangu saa mbili asubuhi, kwa sababu kukaa kulimshinda. Akikaa tu, tumbo linampanda hadi kifuani na pumzi inakatika. Lilikuwa kubwa kuliko alipobeba mapacha, tena gumu, limeinama upande wa kulia. Asubuhi hiyo vijiko vinne vya chai vilikuwa vimemshibisha. Mdogo wake alimshika kiuno, bahasha ya vipimo kwapani.

Ini lake lilikuwa limejaa vifuko vya maji, mamia, vidogo kwa vikubwa. Mara tatu alinyonywa maji kwa sindano, mara tatu vikajaa upya. Mama yao alizikwa na tumbo hilohilo, watu wakinong'ona kwamba karogwa. Daktari wa wodini alikuwa amewaambia bila kuzunguka: dawa hakuna, abadilishiwe ini. Mdogo mtu akajitolea kipande cha ini lake bila kuuliza mara mbili. Akapimwa, akakutwa hana vifuko, damu zao zikaoana. Ilibaki sahihi ya kamati ya hospitali ya kubadilisha viungo, nayo hukutana mara moja kila miezi mitatu.

Saa nane mzee mmoja wa suti alipitishwa mlango wa nyuma bila jalada. Alitoka na barua mkononi, anacheka na katibu. Ndipo wakaitwa wao.

Mwenyekiti wa kamati alisoma karatasi bila kuinua uso. "Vipimo vya damu, safi. Mama, ini lako linafanya kazi vizuri sana."

"Linafanya kazi, daktari. Mimi ndiye siwezi."

Mjumbe mmoja alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

"Tuna utaratibu," mwenyekiti alisema. "Tunaanza na ambao ini limeshindwa. Fomu inauliza macho ya manjano, kutapika damu, kuchanganyikiwa. Wewe huna hata kimoja."

"Samahani, daktari," mdogo wake akaingilia. "Ini hatuombi kwenu. Litakatwa langu. Tunaomba chumba cha upasuaji tu."

"Binti, hata chumba kina foleni, na foleni inakwenda kwa alama za fomu hii. Dada yako ana sifuri."

"Basi muangalie tumbo!"

"Tumbo halimo kwenye fomu." Alisema kwa upole, kama mtu aliyechoka kulirudia neno hilo. "Macho yakigeuka manjano, mrudi haraka."

"Na yakishageuka," fundi aliuliza, "nitakuwa na nguvu za kupasuliwa?"

Mwenyekiti alifunga jalada. "Mwingine."

Njiani fundi alipumzika kwenye kila ukuta, mdogo wake akimsubiri.

Kesho yake, kabla ya kwenda kazini, mdogo mtu alifungua pazia, akamshika dada yake kidevu na kuivuta chini ngozi ya jicho.

"Meupe," alisema.

Ikawa ndiyo kazi yao ya kila asubuhi. Fundi, ambaye sasa alilala kwa kuegemea mito kwa sababu mgongo haukukubali tena kitanda, aliinua uso kabla hajaambiwa. Meupe. Meupe bado. Alianza kuona haya, kana kwamba anamwangusha mdogo wake.

Siku ya kumi na tisa kidole kilikawia kwenye jicho la kushoto.

"Hebu sogea dirishani, dada," mdogo wake alisema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kamati sauti yake ilikuwa na matumaini.