Kitufe cha Don Aníbal

Don Aníbal, bosi wa ofisi ya malalamiko ya bima mjini Montevideo, alikuwa na kidole kimoja tu cha kufanyia kazi. Mkono wa kushoto ulishika kibuyu cha mate, ile chai chungu ya kwao inayonyonywa kwa mrija, chupa ya maji moto ikiwa imebanwa kwapani huko huko, na wa kulia ulikuwa wa kumiminia. Ndiyo maana aliipenda ile kibodi yake yenye vitufe vya pembeni. Kimoja alikirekodia maneno yake yote ya uongozi, akikibonyeza kinayaandika na kuyatuma chenyewe: "Nimeona. Tutazungumza kesho." Umwandikie kuomba kiti, nyongeza au hata talaka, jibu lilikuwa hilo hilo.

Zulma, karani wake, alikuwa akiomba ruhusa ya Alhamisi jioni tangu kabla ya Krismasi. Murga yao, kikundi cha kuimba na kuwadhihaki wakubwa wakati wa Karnivali, ilipangiwa jukwaa la mtaani kwao jioni hiyo, na yeye ndiye aliyepewa kuanzisha wimbo. Asipofika, nafasi ingekwenda kwa binamu yake Nibia, mwenye sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Roho ilimuuma kweli kweli.

Bosi alipokwenda kujaza chupa, Zulma akakaa kwenye kiti chake. Akabonyeza kitufe cha kurekodi mpaka taa ikawaka, akagusa kile cha pembeni, akaandika: "Nimekubali. Nenda kwa amani." Kwa haraka akakosea herufi, akaifuta, akaendelea. Kibodi haina adabu ya kusahau. Ilirekodi kosa, ikarekodi kufuta, ikarekodi na kutuma.

Akarudi mezani kwake, akaomba upya. Bosi, huku akimimina maji, akabonyeza. Kwenye skrini ya bosi maneno yakajikosea yenyewe, yakajifuta, yakajirekebisha, yakaenda. Zulma akachungulia. Bosi alikuwa ananyonya mrija, macho ameyafumba.

Kwa kufuata utaratibu, Zulma akampelekea mkurugenzi ruhusa hiyo. Mkurugenzi akamwandikia Don Aníbal kuuliza kama, basi, Alhamisi jioni simu za Zulma angezishika yeye mwenyewe. Kidole kikashuka. Nimekubali. Nenda kwa amani.

Shukrani za mkurugenzi zilipofika, bosi alizisoma, mate yakampalia.

"Zulma mwanangu, hebu njoo. Nani kaichezea hii kibodi?"

"Kwani imefanya nini, bosi?"

"Imemjibu mkurugenzi mambo ambayo mimi sijasema."

Zulma akajifanya kushangaa.

"Kumbe majibu yetu siku zote yanatoka kwenye kibodi? Basi nimwambie mkurugenzi atuletee fundi."

Don Aníbal akautazama mlango wa mkurugenzi, akaitazama kibodi, akakiweka kibuyu mezani kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Fundi wa nini? Majibu naandika mwenyewe."

"Basi asante kwa ruhusa, bosi."

Alhamisi jioni, Zulma alipokuwa akipakwa rangi usoni nyuma ya jukwaa, Don Aníbal alikuwa na simu katika kila mkono, na mate yake yakipoa mezani.