Sista Subilaga na Damu Iliyoketi Njiani

Usiku wa kuamkia leo niliota baba yangu, mzee Ambokile, fundi cherehani, anakunywa chai mezani. Ghafla upande wa kulia wa uso wake ukashuka kama pazia. Kikombe kikamponyoka. Alipotaka kuniita, maneno yakadondoka mezani vipandevipande.

"Ngoja nikuletee maji, baba," nikasema.

"Usimpe kitu," kikombe kikasema kutoka sakafuni. "Atapaliwa. Mpeleke hospitali."

Nikafungua mlango wa jikoni, tukawa tumeshafika. Muuguzi mfupi, Sista Subilaga, alimpokea baba kwa mikono miwili. Saa ya ukutani ikashuka, ikasimama mbele yangu, ikauliza:

"Mara ya mwisho kumwona mzima ilikuwa saa ngapi?"

"Saa mbili na robo asubuhi. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano."

"Vizuri. Bado tuna muda."

Kitanda kinampima baba uzito, kinautangaza kwa sauti. Mashine ya kupiga picha ya ubongo inammeza, inamtema taratibu.

"Hakuna damu iliyovuja," inasema. "Kuna iliyoganda."

Daktari anaandika dawa. Sista anaichoma kwenye mshipa wa baba, ananishika mkono, tunaingia nayo. Njia ni nyembamba. Katikati limeketi bonge la damu kwenye kigoda, limekunja nne.

"Unaziba njia," Sista analiambia.

"Nimechoka. Napumzika."

"Huko mbele ubongo unakufa, kila dakika."

Hakulifokea. Alisimama nalo mpaka likayeyuka, likianzia magotini.

Nilidhani kazi imekwisha. Sista hakuketi. Kila baada ya dakika kumi na tano alipima presha. Alimgeuza baba ubavu kwa ubavu. Alimjaribisha kumeza kwa kijiko kimoja cha maji, ameinama, sikio karibu na koo lake. Macho yake yalikuwa mekundu kwa uchovu, lakini mikono haikuonyesha.

"Su... Su..." baba akaanza.

"Taratibu, baba. Nipo."

"Subilaga," akasema. Neno zima. Nililia nikiwa nimesimama.

Nikaamka. Sebuleni baba alikuwa anapiga pasi suruali ya mteja, mzima kabisa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Alipokunja mkono wa shati, nikaona kipande cha pamba kimebandikwa kwa plasta kwenye mkunjo wa kiwiko.

"Nani amekuchoma sindano?"

Baba akakigusa kwa ncha ya kidole. "Hata mimi najiuliza," akasema. "Nimeamka nacho."